Ndege ya Bwana Misumari na Kiapo cha Baba

Mjukuu wangu ana tabia ya kupaka kucha rangi palepale ninapokula. Juzi alifungua kichupa chake, harufu ikanifikia kabla sijatia tonge mdomoni, nikasukuma sahani. "Koko, wali uko na nini?" Wali hauna kitu, nikamwambia, ni hiyo rangi yako. Akadhani nachukia urembo wa vijana, na mwacheni adhani hivyo. Ninyi wenzangu mliokula chumvi mnajua kwamba pua haina adabu, inakurudisha mahali ambapo hukuomba kurudi. Harufu ile ya ndizi iliyoiva ikapitiliza, pamoja na kitu kikali kinachochoma macho, ndiyo harufu ya dawa waliyopaka mabawa ya ndege ya Bwana Misumari. Mwezi mzima wa Shaabani niliinusa kwenye shati la baba, mwishowe hata vidoleni mwa mama, na kila iliponijia nilisukuma sahani kwa hofu.

Tulikaa Kasongo, mtaa wa Waislamu. Uani kwetu tulikuwa wachache: baba, mama, mimi, na Shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke aliyejua habari za kila sufuria iliyoungua mtaani. Mama hakuwa mtu wa pale. Kwao kulikuwa Kabambare, Mbangubangu wa kabila, na majirani hawakumwacha asahau. Kazi yake ilikuwa kushona magodoro ya sufi kwa sindano ndefu kuliko mkono wangu wa wakati ule. Alisema kidogo. Baba alisema kwa niaba ya wote wawili.

Baba alikuwa seremala. Vitanda alivyochonga vingine bado vinalaliwa mpaka leo, lakini Mungu alimpa mikono ile kisha akamtilia ulimi usio na mfupa. Alipochukuliwa kazi na Mbelgiji mmoja wa mashine za pamba tukamsikia mji mzima. Huyo Mbelgiji tulimwita Bwana Misumari kwa sababu siku zote alikuwa na misumari mdomoni, na alizungumza akiipitishia maneno katikati. Ndani ya ghala la pamba alikuwa akijitengenezea ndege yake mwenyewe, ya mbao na kitambaa, kwa mikono yake na ya baba. Wazungu wenzake wa posta, pale kituo cha serikali, walikaa barazani na bia zao wakimcheka. Baba hakucheka. Kwake ile haikuwa ndege ya Mzungu tena, alisema "ndege yetu", na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Ndege ya kwanza ilikuwa na bawa moja tu, refu, limepita juu ya kichwa cha mwendeshaji kama ubao wa duka. Siku ya kuijaribu tulikwenda wote kwenye uwanja nyuma ya maghala, na mimi nilibebwa mgongoni na Shangazi. Ikanguruma, ikakimbia, ikakimbia tena, vumbi likatupofusha, lakini haikuinuka hata kidogo. Ilikwenda kulala ndani ya shamba la mihogo. Bwana Misumari alishuka, akaizunguka mara kadhaa akiwa amekunja uso, kisha akamwambia baba kwamba uwanja ni mfupi na hewa ya hapa ni ya moto na nyepesi, bawa moja haliwezi. Ataongeza la pili chini, aliunganishe na la juu kwa vijiti na nyaya. Ile ya zamani isitupwe, itageuzwa.

Basi baba alirudi mtaani akiisifu ndege ya mabawa mawili ambayo bado haijakuwako. Jioni moja mama alinituma nikamwite aje kula. Nilimkuta barazani kwa wanaume wenzake, na Mwalimu wa chuo chetu cha Kurani naye alikuwapo na kikombe chake cha kahawa. Walikuwa wakimtania baba kama watu wanavyotaniana kila siku.

"Fundi, kuku yenu inaota bawa ya pili?"

"Kuku ata ukamuongeza mabawa, iko kuku tu!"

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mtu mwenye akili angecheka nao. Baba aliinuka, kofia ikamwanguka, asiiokote.

"Wallahi! Kama ile ndege haipite juu ya paa ya nyumba yangu mbele ya mwezi wa Ramazani kuandama, bibi yangu iko na talaka tatu!"

Kicheko kikakatika. Mwalimu aliweka kikombe chini polepole. "Fundi," akasema, "unajua umesema nini?"

"Nimesema."

"Mashahidi tuko hapa wote. Haya maneno hayarudi ndani."

"Yasirudi," baba akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Nadhani ndipo alipojisikia mwenyewe.

Mimi sikujua talaka ni nini. Nilikimbia nyumbani nikiwa na furaha ya mleta habari, nikamkuta mama anaosha mchele, nikamwambia yote: ndege itapita juu ya nyumba yetu, na baba amesema mbele ya watu kwamba mama ana talaka tatu. Nilidhani amepewa. Mikono ya mama ilisimama ndani ya maji. Baadaye akaimwaga ile sufuria yote, mchele na maji, kwa kuku, naye hakuwa mtu wa kutupa chakula.

Shangazi ndiye aliyenielimisha, kama alivyonielimisha mambo mengi ambayo hayakuwa ya umri wangu. "Mutoto, sikia. Ile ndege ndiyo itasema kama mama yako atakaa ao atakwenda." Basi. Aliishia hapo akaenda kupeleka habari nyumba ya pili.

Sasa fikirini na akili ya mtoto. Maishani mwangu ndege moja tu ndiyo iliyopata kutua Kasongo nikiiona, na ilikuja kumchukua mke wa Mzungu wa posta aliyekuwa mgonjwa. Ilimchukua akiwa amefunikwa shuka, watoto wake wawili wakabaki wamesimama na yaya, na yule mama hakurudi tena. Kwa hiyo mimi nilijua kazi ya ndege. Ndege huchukua mama za watu. Kama ile ya Bwana Misumari ingeruka, mama angeondoka, na kama ingebaki chini, mama angebaki. Hesabu yangu ilinyooka, na hakuna mtu mzima aliyejishughulisha kunigeuzia.

Mtaa wote ulianza kuomba ndege iruke. Kwenye kisima wanawake walimwambia mama, "Mungu atainyanyua, Mama Mwavita, usilie," ingawa hakuwa akilia. Mimi, Mwavita mwenyewe, nilijificha nyuma ya jiko nikaomba kwa Mungu yuleyule ndege irudi mihogoni ikae huko. Sikutaka mtu aumie. Nilitaka tu isiinuke.

Na kila nilichokiona kilinithibitishia. Mama alivuta sanduku lake la mbao toka uvunguni, akazikunja nguo zake, vikwembe vya kujifunga vya kila siku chini, vya sikukuu juu. Baba alipoona sanduku aligeuka palepale mlangoni akarudi ghalani. Alikonda. Alikwenda ghalani kabla jua halijachomoza, akarudi giza likiingia, mikono imejaa vibanzi vya mbao, kwa maana sasa hakuwa akijenga ndege, alikuwa akijenga ndoa yake. Rafiki zake wa barazani hawakumtania tena. Walimpisha njiani kama mtu aliyefiwa.

Fundi cherehani wa sokoni alishona kitambaa cha mabawa, lakini ilibaki kazi ya kukifunga kwenye mbavu za mbao kwa sindano ndefu, uzi ukipita toka juu mpaka chini na kurudi, fundo kwa fundo. Yule fundi alisema ana kanzu za Ramadhani, hana nafasi. Kusema kweli aliogopa asije akalaumiwa. Asubuhi yake mama alichukua sindano yake ya magodoro, akanishika mkono, tukaenda mpaka ghalani. Bwana Misumari alimtazama na misumari yake mdomoni.

"Weye mwanamuke unataka nini?"

"Kushona," mama akasema. "Kama ndoa yangu iko juu ya haya mabawa, na mikono yangu ikuwe juu yake."

Sijui kama alielewa. Alimwonyesha pa kuanzia. Bawa lile la chini lililazwa juu ya vigogo viwili, mama akasimama upande wa juu, baba akalala chali chini yake, kwa sababu lazima awepo mtu wa kuipokea sindano na kuirudisha. Mimi nilikaa juu ya marobota ya pamba. Mama anachoma, sindano inazama. Baba anaivuta, anairudisha. Mama anafunga fundo. Walifanya hivyo asubuhi nzima na hakuna aliyemwona mwenzake, kitambaa kilikuwa katikati yao. Nilimsikia baba akisema toka chini, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama Mwavita, nilisema na hasira."

"Vuta uzi," mama akasema.

Akavuta. Akairudisha sindano akasema: "Walinicheka sana. Haukukuwa pale."

"Hata. Sikukuwa pale. Vuta uzi."

Nilimwona mama akishona kwa bidii ile, fundo lake likiwa dogo na gumu, nikaumia rohoni. Nilisema, kumbe anataka kwenda! Anajishonea mwenyewe ndege ya kumchukua. Walipomaliza, dawa ikapakwa juu ya kitambaa kikakazika kama ngozi ya ngoma, harufu ikatufuata nyumbani, nami siku ile sikula.

Mwezi wa Shaabani ulikuwa umefika mwishoni ndege ilipokuwa tayari, na hapo Bwana Misumari akashikwa na homa. Lo! Mtaa ulishikwa na homa pamoja naye. Mvua nayo ikaanza kunyesha. Baba alikuwa akienda kukaa kwenye ngazi ya nyumba ya Mzungu, kofia mkononi, akimuuliza boi wake ameamkaje, amekunywa nini, amejisaidia vipi. Mama alichinja jogoo wetu mkubwa, akapika supu na ndimu na pilipili kidogo, akaipeleka mwenyewe mchana na jioni. Shangazi alijipiga paja. "Wifi yangu mwanamuke! Anapigania bwana wake." Wanawake wote walimsifu. Mimi nilimchukia yule jogoo kwa kukubali kuchinjwa.

Homa ilishuka siku ileile ambayo jioni yake watu wangetazama mwezi. Bwana Misumari alitoka nje amepauka, akasema ataijaribu ndege alasiri, ataiinua, ataiendesha mbele moja kwa moja, ataiteremsha. Basi. Baba akaona dunia inamgeukia. Ilimbidi amwambie yule Mzungu habari yote, ya barazani, ya kiapo, ya paa. Shangazi, aliyefuata kusikiliza, alitusimulia kwamba Bwana Misumari alicheka mpaka akakohoa, halafu akaacha kucheka alipoona baba hacheki. "Fundi, weye iko mujinga sana," akamwambia. "Utandike kitu nyekundu juu ya nyumba. Nitaona kama mashini inakubali."

Baba alipanda juu ya paa letu la nyasi akatandaza blanketi lake jekundu, akashuka, akakimbia uwanjani, kwani yeye ndiye wa kuzungusha pangaboi mashine iwake. Hakumtazama mama. Mwalimu na mashahidi wa barazani walikuja uani kwetu wakaketi mikekani, nyuso zimeelekea juu. Watu walijaa hata nyuma ya ua. Mama alisimama katikati ya uwanja wa nyumba amevaa kikwembe chake cha sikukuu, nami nikakishika kwa mikono yote miwili, kwa sababu nilikuwa nimeamua: ikija kumchukua, itatuchukua wote.

Mawingu yalikuwa yameziba upande wa mtoni. Tulisikia mashine ikikohoa, ikazima. Ikakohoa tena, ikashika, ikanguruma. Halafu kelele za watu uwanjani zikatufikia kama mvua ya mbali, na mtoto aliyekuwa juu ya mti wa jirani akapiga ukelele: "Imeinuka! Iko juu! Mabawa yote mawili!"

Mashahidi waliinuka. Lakini mlio haukuja kwetu. Ulielekea mtoni, ukapungua, ukawa kama wa nyuki, ukawa kama wa mbu, kisha haukuwako. Mtu akasema, "Imezima." Shangazi alishika kichwa, "Yee mama! Yee mama yangu!" Mwalimu aliacha kuhesabu tasbihi yake. Jua lilikuwa limekwisha kushuka chini ya michikichi.

Mimi nilifurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi kabisa. Ndipo nikahisi kikwembe kinatikisika mikononi mwangu, nikatazama juu, nikamwona mama amefumba macho, midomo inakwenda. Hakuwa akisoma dua yoyote ninayoijua. Alikuwa akisema, "Pita. Pita, weye. Pita."

Nilianza kulia. "Mama, isikuje. Sema isikuje."

Na ikaja. Haikutokea upande tulioutazama, ilitokea nyuma yetu, chini kabisa, ghafla, kubwa kuliko nyumba. Niliona matumbo ya mabawa yote mawili na mishono ya mama imepangika mstari, nikaona magurudumu, upepo ukatupiga uani, kuku wakatawanyika, nyasi za paa zikaruka, blanketi jekundu likainuka upande mmoja likaanguka. Kisha mlio ukaenda zake kuelekea uwanjani.

Mwalimu alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Imepita! Nimeona na macho yangu, juu ya paa kabisa. Talaka haikuanguka!" Takbiri zikapigwa, vigelegele, Shangazi akagaragara mchangani na nguo zake nzuri. Mimi nilikuwa bado nimemshika mama, nikishangaa kwamba miguu yake bado iko chini.

Mama alifumbua macho. Alisubiri kelele zipungue, akaniondoa vidole polepole, akasogea mbele ya Mwalimu.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Mimi sasa ni mke wa mutu?"

"Mke wake halali, Mama Mwavita. Hakuna hata kovu."

"Asante. Basi mukae kidogo, musiende."

Akaingia ndani. Alitoka na sanduku kichwani. Wakati uleule baba aliingizwa uani mabegani mwa vijana, kofia imepotea, uso umejaa mafuta na machozi, akipiga kelele kwamba Bwana Misumari ametua salama, kwamba gurudumu tu limepinda. Walipomteremsha alijikuta uso kwa uso na mama.

Mama alizivua bangili zake, zile alizopewa siku ya ndoa, akaziweka juu ya mkeka mbele ya Mwalimu. Hakupaza sauti. Watu wa nyuma ya ua walisogea ili wasikie.

"Baba Mwavita, siku ile mimi nilikuwa naosha muchele. Ukanitia kinywani mwa baraza, haukuniuliza. Kama ndege ingeanguka, ningetoka hapa mutu wa kutupwa, watu waseme ameachwa na ndege. Nimeomba ipite. Nimeishona, nimemupikia supu mwenye kuiendesha, ili ipite. Imepita. Sasa ni mimi ndiye naondoka. Mwalimu, mahari yake ni hii hapa, naomba anivue hii ndoa kwa mudomo wake, na ninyi mulioshuhudia kile cha kwanza mushuhudie na hiki."

Sijawahi kuona wanaume wengi hivyo wakitazama vidole vya miguu yao. Mwalimu akasema kwa upole, "Fundi, ana haki ya kuomba."

Mama hakungoja jibu, alisema litamfuata Kabambare kwa kaka zake. Akanishika mkono. Tulipita katikati ya watu nao wakatupisha. Shangazi alikuwa amekaa chini palepale mchangani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na habari ya kumpelekea mtu. Njiani nilimuuliza mama ndege itatuchukulia wapi, maana bado nilikuwa nikiisubiri. Alisimama, akanitazama sana, akacheka kicheko kifupi chenye machozi ndani. "Ndege gani, mutoto wangu? Kaza kikwembe, tunaenda na miguu."

Nyuma yetu, kwenye ua uliojaa watu, nilimsikia baba, sauti imempasuka. "Lakini imepita! Ninyi wote mumeona. Imepita!"